Wino wa Masizi na Uji

Ukiutazama ukurasa huu unaona herufi nyingi zilizochapwa. Mimi nilijifunza kuchapa kwa mkono, ila kwanza nilijifunza vibaya. Nitakueleza yote mawili.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima katika Wilaya ya Kilosa. Nina cheti tu, sina shahada. Kazi yangu ni kuyazungukia madarasa ya kisomo vijijini. Darasa moja lilikuwa na watu 19 waliokwisha kujua kusoma. Lakini wasome nini? Kitabu kilikuwa kimoja, nao walikijua chote kwa moyo. Bibi mmoja aliweza kukisoma hata kikiwa kimefungwa! Basi nikaamua kuchonga maneno kwenye ubao na kuwachapia kurasa mwenyewe.

Fundi mmoja alinionyesha njia yake. Wino ulikuwa wa mafuta, na ubao ulisafishwa kwa mafuta ya taa. Nilifanya kazi hiyo usiku chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Kila asubuhi kichwa kiliniuma. Nilidhani ni malaria, nikameza dawa bure.

Mafuta yaliyobaki niliyatia katika chupa ya soda. Labda hata wewe unayo chupa kama hiyo nyumbani. Mwanangu alikuwa na umri wa miaka miwili. Aliikuta chupa chini ya meza, akanywa. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mama yangu alitaka kumtia kidole kooni ili atapike. Nilimnyakua mtoto, nikapanda naye pikipiki mpaka hospitali.

Muuguzi aliuliza kwanza, "Mmemtapisha?" Tulijibu hapana. Akasema, "Afadhali." Alitueleza kuwa hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia mapafuni. Ukimtapisha mtoto, mafuta hupanda tena na yanaweza kuingia huko. Kwa hiyo usimtapishe. Mpeleke hospitali upesi.

Mtoto alilazwa siku tatu, akapona. Mke wangu hakunigombeza. Alizichukua mbao zangu zote, akaziweka jikoni pamoja na kuni. Sikuwa na la kusema.

Miezi ikapita. Kila nilipofika darasani yule bibi aliniuliza, "Mwalimu, zile karatasi zimekwisha?"

Siku moja nilikwenda Mikumi kikazi. Kando ya barabara kuu ya Iringa nilimwona mzee anayewauzia picha wasafiri na wageni wanaokwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Mikumi. Picha nyingine alizipaka rangi, nyingine alizichapa. Nilisimama mlangoni mwa karakana yake, nikanusa. Hapakuwa na harufu yoyote.

"Shikamoo, mzee. Unasafishia nini mbao zako?"

"Marahaba, mwalimu. Maji na sabuni. Zamani nilitumia thina na tindikali. Kifua changu kikakataa."

Alinieleza kuwa picha huweza pia kuchapwa kutoka kwenye bati. Hata Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, wasanii walichapa picha za namna hiyo. Mchoraji hulipaka bati kitu kisicholiwa na dawa, kisha huchora juu yake kwa sindano. Dawa hula pale palipochorwa tu. Kwa muda mrefu mafundi wa nchi nyingi walitumia tindikali kali inayotoa moshi wa kahawia. Moshi huo huunguza mapafu. Siku hizi wako wanaotumia mrututu na chumvi badala yake. Mrututu unaujua, ni ule wa buluu ambao wakulima wa kahawa hunyunyizia miti yao. Lakini usidanganyike. Mrututu nao ni sumu ukimezwa, na ukimwagwa mtoni huua samaki. Nilimwambia mzee kuwa bati niliache, anifundishe ubao tu.

Nilikwenda kwake Jumamosi tatu. Patasi zetu zilikuwa nyuzi za mwavuli mbovu, zimenolewa ncha. Wino tulitengeneza kwa masizi ya chungu na uji mzito wa muhogo. Wajapani walichapa picha kwa njia kama hiyo tangu zamani, kwa rangi, maji na gundi ya mchele, wakisugua karatasi kwa mkono. Sisi tulisugua kwa mgongo wa kijiko.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na neno MAJI. Nilichonga kwa uangalifu, nikachapa, nikampa mzee. Akasoma kwa sauti, "Ijam." Akacheka sana. Akanionyesha muhuri wake wa mpira. Herufi zake zimegeuka nyuma, ndiyo maana zikigongwa zinasomeka. Mimi, mwalimu wa kusoma, sikuliwaza hilo! Tangu siku hiyo naandika kwenye karatasi nyepesi, naigeuza, kisha nafuatisha.

Uji nao ulinisumbua. Ukiwa mwepesi, herufi hutambaa. Ukiwa mzito mno, hujaza mashimo ya herufi. Jua la Mikumi hukausha wino upesi, kwa hiyo mzee hutia tone la asali. Nilitia kijiko kizima, sisimizi wakala ukurasa wangu. Tena uji huchacha, lazima upikwe kila siku. Na kusema kweli, wino huu ukilowa hufutika. Wino wa mafuta hudumu zaidi. Mzee akiutumia huo, husafisha ubao kwa mafuta ya alizeti, kisha sabuni.

Ukurasa wa kwanza niliowachapia wanakisomo wangu ulisema hivi: MTOTO AKINYWA MAFUTA YA TAA USIMTAPISHE. MPELEKE HOSPITALI. Nilichapa kurasa 19. Bibi aliusoma wake polepole, neno kwa neno, maana huu hakuujua kwa moyo. Kisha aliinuka, akaenda nyumbani kabla ya kipindi kwisha. Nilipopita kwake jioni, chupa yake ya mafuta ilikuwa imefungwa kwa kamba juu kwenye boriti.

Nyumbani kwangu mwanangu sasa anajua siku za kuchapa. Akiona sufuria ya uji jikoni huja na kikombe chake. Mama yake humpa kwanza, ndipo mimi nitie masizi.