Jina la nani kwenye mkopo wa nyumba?

Samahani kwa kimya cha muda mrefu. Nilikuwa nahangaikia mambo mawili kwa pamoja: harusi, na mkopo wa kununua nyumba Voi. Leo nawaeleza yalipokutana, maana wenye mikopo ya nyumba nchini Kenya ni wachache (mwishoni mwa 2023 mikopo yote ilikuwa takriban 30,000 tu), na si rahisi kumpata jirani wa kumwuliza.

Kama kawaida yangu, nilianza kwa kuandika programu ndogo. Sheria ya Kodi ya Mapato inakuruhusu kuondoa riba ya mkopo wa nyumba kwenye mapato kabla hayajatozwa kodi. Kikomo kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwaka, kikawa 300,000 kuanzia 2017, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni 9,000 kila mwezi inayobaki mfukoni. Masharti: uwe umekopa wewe, unalipa wewe, na unaishi humo wewe. Nyumba ni moja tu kwa mtu.

Mmeona? Hakuna mahali panapouliza kama umeoa. Kodi inamwona mtu aliyekopa. Mchumba wangu akinitumia 15,000 kwa M-Pesa kila mwezi kusaidia malipo, yeye hapati nafuu hata ya senti.

Upande wa anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza ni vivyo hivyo. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, lakini tangu 2018 anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu amesamehewa. Nyumba yetu haimo kwenye mpango huo. Ni ya 4,500,000, kwa hiyo ushuru ni 180,000. Jina la mchumba wangu lisipoingia, yeye anabaki hajawahi kumiliki nyumba, na msamaha wake unamngoja.

Programu ikatoa jibu: mkopo wa 4,000,000 kwa jina langu, hatimiliki kwa jina langu. Mshahara wangu ni mkubwa, wake uko kwenye viwango vya chini. Afisa wa mkopo naye akasema jina moja ni rahisi.

Nikaenda Mata kumwonyesha Mama hesabu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na jina la mwenzako liko wapi?"

Sikuwa na jibu, na alijua kwa nini anauliza. Mwaka 2006, nikiwa na miaka tisa, tuliishi Voi kwenye nyumba iliyojengwa kwa pesa za ndizi na nyanya za shamba la Mama huku Mata. Hati ilikuwa na jina la Baba pekee. Aliiweka rehani bila kumwambia mtu, biashara ikaanguka, nyumba ikapigwa mnada. Tulirudi kwa Babu na magodoro mawili.

Sheria imebadilika tangu hapo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, tena ya maandishi. Hiyo ya 2013 inahesabu pia mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, hata kazi ya shamba. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Mchango lazima uthibitishwe. Mama angethibitisha vipi? Nyanya hazina risiti.

Hapo ndipo nikaona kosa la programu yangu. Nilichukulia mkopo na hatimiliki kuwa kitu kimoja, kumbe ni karatasi mbili. Nafuu ya kodi inafuata mkopo. Umiliki unafuata hatimiliki, na majina mawili yakiwa pale, sheria inachukulia kwamba mko sawa mpaka mtu athibitishe vingine.

Tukamwendea wakili, benki ikakubali: mkopaji ni mimi, hatimiliki ina majina yote mawili, na sote tumetia sahihi kwenye rehani. Nafuu yangu ya 9,000 ipo palepale. Tulichopoteza ni msamaha wa mchumba wangu wa ushuru wa stempu, ambao pengine asingeutumia kamwe.

Kwa wanaojiandaa: muulizeni wakili kuhusu karatasi zote mbili, kila moja peke yake. Tena mkiisha kuingia, mkae humo wenyewe. Mkiipangisha, nafuu hii haipo.

Mama amekwisha kuahidi mikungu ya ndizi ya harusi. Hiyo nitaiandikia risiti.