Kicho na Kitisho: Filamu ya Kutisha Machoni pa Mtazamaji wa Kaloleni

Kitenzi *tisha* ni kauli ya kutendesha ya kitenzi kikongwe *cha*, yaani kuogopa, ambacho leo kimesalia hasa katika *mcha Mungu* na *uchaji*. Nasaba hiyo si jambo la kamusi tu. Kutisha ni kumfanya mtu ache, na hakuna akichaye kitu asichokikiri kuwa kina uwezo juu yake. Hivyo, wahakiki waitambulishao filamu ya kutisha kwa damu, giza na muziki wa kushtua huhesabu vyombo na kuisahau kazi yenyewe.

Mtazamaji aliyeketi kwenye benchi la kibanda cha video huko Kaloleni, mtaa wa Arusha ulio na Makumbusho ya Azimio la mwaka 1967, aweza kumcheka Dracula wa Christopher Lee (1958) tangu anapoinuka jenezani, hasa mfasiri akimtania kwa Kiswahili cha mjini. Atashtuka, naam, lakini kushtuka si kucha. Mtazamaji huyohuyo hunyamaza mbele ya *Shumileta* (2005) ya Mussa Banzi, iliyotengenezwa kwa video na kwa gharama ndogo. Viumbe wa jamaa ya majini amesimuliwa na bibi yake, akaonywa juu yao msikitini au kanisani. Habari zao hazikuanzia kwenye skrini. Mwaka 1995 watu wa Unguja na Pemba walilala nje kwa makundi wakimhofia Popobawa, pasipo filamu yoyote kuwatangulia.

Itaulizwa: je, taarifa ya habari za vita nayo ni filamu ya kutisha? La. Taarifa hutisha kwa lililotukia; filamu hutisha kwa lile ambalo mtazamaji, aliyelipa kiingilio kwa hiari, anakiri moyoni kwamba laweza kumfika.

Hapo ndipo penye uzito. Filamu ikimwonyesha ajuza mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi, imelitimiza sharti la kutisha barabara, maana mtazamaji anamjua ajuza wa namna hiyo mtaani kwake. Huko Usukumani vikongwe ambao macho yao yaliiva kwa moshi wa jikoni wameuawa kwa tuhuma hiyohiyo. Dracula hana jamaa Kaloleni wa kulipizwa kisasi. Ajuza yule anao, na kesho asubuhi atapita mbele ya kibanda akienda sokoni.