Mwana wa Kuku Hufunzwa Kulala

Wahenga walilonga kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Methali hii hutumiwa aghalabu kueleza tabia za kurithi, na mtu aliyewahi kufuga kuku hawezi kuipinga. Kifaranga wa siku chache, hata yule aliyeanguliwa kwa mashine bila kumwona mamaye, huparua ardhi kwa kucha zake, akarudi nyuma hatua moja na kuchungulia alichokifukua. Hakuna aliyemwonyesha. Hata hivyo, wahenga hawakusema kwamba mwana wa kuku hafunzwi kulala. Kuhusu jambo hilo methali imenyamaza, na katika kimya hicho ndimo ilimo kazi kubwa ya mfugaji.

Kuku wa nyumbani anatokana hasa na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini na kusini-mashariki mwa Asia, ndege ambaye hadi leo hushinda chini akitafuta chakula na kupanda mtini jua linapotua. Haja ya kulala juu ya kitu, basi, kuku ameirithi. Asichokirithi ni anwani. Damu yake humwambia apande, lakini haimwambii kwamba pa kupandia ni ndani ya banda la mbao lenye mlango wa bati, wala si kwenye mparachichi ulio nyuma ya jikoni. Anwani hiyo hutolewa na mama. Koo mwenye vifaranga huwaita kwa mlio mzito na mfupi kila magharibi, akawakusanya mahali pamoja na kuwafunika kwa mbawa zake. Hufanya hivyo kwa majuma kadhaa bila kubadili mahali. Wakiisha kuota manyoya, huruka juu ya ufito nao humfuata mmoja mmoja. Siku atakapowadonoa na kuwafukuza ili arudie kutaga, watakuwa wamekwisha kujua pa kulala.

Siku hizi, hata hivyo, vifaranga wengi hawana mama. Kuku wa kienyeji walioboreshwa, ambao wameenezwa nchini Kenya hasa kupitia kituo cha utafiti cha Naivasha, chini ya KARI na baadaye KALRO iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, wanasifika kwa kukua haraka na kutaga mayai mengi. Sifa hiyo ina bei yake. Kuku hao wamepungukiwa na hamu ya kuatamia, kwa hiyo vifaranga wao huanguliwa kwa mashine na kuuzwa wakiwa na umri wa siku moja. Hufika kwa mnunuzi wakijua kuchakura, wasijue pa kulala.

Katika boma moja kwenye miteremko ya Milima ya Iveti, karibu na mji wa Machakos, nyanya mmoja aliletewa vifaranga 24 wa aina hiyo mwishoni mwa mwezi wa Mei. Fedha zilizowanunua zilikuwa zamu yake katika chama cha akina mama, zamu aliyoingoja tangu mwaka uanze. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mchana aliona kiasi, lakini jua likitua aliona vivuli tu. Mjukuu wake, mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu na alipaswa kurejea masomoni mwishoni mwa Agosti. Hesabu ilikuwa wazi kwa wote wawili ingawa hakuna aliyeitamka. Kufikia wakati huo, kuku wale sharti wawe wanaingia bandani wenyewe, maana baada ya hapo hapangekuwa na mtu wa kuwatafuta vichakani gizani.

Majuma ya kwanza yalipita pembeni mwa jikoni, ndani ya duara la maboksi lililotandazwa maranda ya mbao. Kifaranga wa juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi, kisha joto hilo hupunguzwa kwa nyuzi tatu hivi kila juma hadi atakapoota manyoya ya kumtosha. Nyanya hakuwa na kipimajoto. Aliwasikiliza. Vifaranga wakisongamana chini ya chanzo cha joto na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia kingoni huku wakihema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika na kunong'ona, wametosheka. Kwa jiko la makaa na dirisha lisilofungwa kabisa, kwa kuwa moshi na hewa ya makaa huua vifaranga na watu pia, aliwavusha salama. Mmoja alikufa katika juma la kwanza, na mwingine akanyakuliwa na mwewe siku ya kwanza walipotolewa kuota jua. Wakabaki 22.

Julai ndio mwezi wa baridi kali Ukambani. Ukungu hulala juu ya vilima hadi saa nne asubuhi, na usiku joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 15. Kwa sababu hiyo nyanya alikataa kuwahamisha katika juma la sita kama majirani walivyomshauri. Alingoja juma la nane, manyoya yalipowafunika hadi shingoni. Tena aliwahamisha asubuhi, wala si jioni, ili walione banda kwa nuru kabla ya kulijua kwa giza. Waliwekwa humo siku nne mfululizo pamoja na maji na chakula, mlango umefungwa.

Siku ya tano mlango ulifunguliwa. Walishinda vizuri, wakachakura chini ya mihindi iliyokauka. Jua lilipoinama nyuma ya vilima, wote 22 waliondoka kwenda kujibanza kwenye ukuta wa jikoni, mahali walipolelewa, wakarundikana pembeni kama gunia lililomwagwa. Mrundikano wa namna hiyo ni hatari. Wa chini hukosa hewa wakafa bila jeraha lolote. Nao walio kingoni huwa mawindo ya kanu na kicheche, wanyama wanaotembea usiku na ambao mmoja wao aweza kuua kuku wengi kuliko anavyoweza kula. Mjukuu alishika kijiti akaanza kuwaswaga. Walitawanyika pande zote, wengine wakaingia kichakani.

"Mjukuu wangu, weka kijiti hicho chini," nyanya alisema. "Ukimkimbiza kuku aingie kwake, atajua kwamba kwake ni mahali pa kukimbizwa."

"Basi nifanyeje, Susu?"

"Ngoja giza liwe giza."

Ushauri huo una maarifa ndani yake. Kuku huona vyema sana mchana, lakini gizani macho yake hayamfai, hivyo hutulia alipo. Baada ya nusu saa mjukuu aliwaokota mmoja mmoja kwa mikono miwili, bila kelele, akawaweka juu ya fito. Nyanya alisimama mlangoni akihesabu kwa sauti kila aliyepita. Walipofika 22, mlango ukafungwa.

Kuanzia kesho yake mambo yaliendeshwa kwa utaratibu mmoja. Chakula cha jioni hakikutolewa tena uani, bali ndani ya banda, saa moja hivi kabla ya jua kutua, nacho kilitanguliwa na mlio uleule wa kijiko juu ya mkebe. Taa ndogo ya sola ilitundikwa ndani, kwa sababu kuku mchanga huogopa kuingia penye giza kuliko alipo. Ndani pakiwa na nuru kuliko nje, huingia mwenyewe. Taa ilizimwa wote walipokwisha kutulia. Pembe za banda zilizibwa kwa matita ya nyasi ili pasiwe na kona ya kurundikana. Fito mbili za mita mbili mbili, zilizochongwa zisiwe na makali, ziliwekwa kwanza kwenye kimo cha goti, kila kuku akipata nafasi ya sentimita 18 hivi. Tetea mmoja mzee, mwenyeji wa siku nyingi, alilazwa nao awe kiongozi. Walioshindwa kuingia waliokotwa gizani. Jioni ya kwanza walikuwa 22, baada ya juma moja wakawa tisa, kisha wanne.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuyaona hayo asikumbuke sarufi. Kitenzi lala kikiingia katika kauli ya kutendesha huwa laza. Vitabu vya shule hufasiri kauli hiyo kuwa ni kumfanya mtu atende, na mara nyingi mfano unaokuja akilini ni wa mwenye nguvu na mnyonge. Lakini mama anapomlaza mtoto, hamshurutishi usingizi. Hutandika, hufunika, hupunguza taa, kisha hungoja. Kulala kwenyewe hubaki kuwa tendo la mtoto. Sauti za laza na lazimisha zinakaribiana, lakini asili zake ziko mbalimbali: la kwanza ni la Kibantu, la pili limetokana na Kiarabu. Kijiti kilikuwa cha neno la pili. Taa, mkebe na mikono miwili vilikuwa vya neno la kwanza.

Kwa mtazamo huohuo yafaa kuitazama upya methali nyingine: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengi huitaja kuonyesha kwamba mgeni hutambulika kwa ugeni wake, na kamba huonekana kuwa alama ya kutoaminiwa. Mfugaji huisoma vingine. Kuku aliyenunuliwa sokoni akiachwa huru siku ya kwanza atapotea, maana hajui nyumba ipi ni yake. Hufungwa kamba kwenye kigingi, akapewa maji na mtama pale pale, hadi macho yake yaizoee nyumba. Baada ya siku chache kamba hukatwa naye haondoki. Kwa hiyo kamba ni ahadi ya muda, na aliyeifunga anapaswa kuikata. Siku nne za mlango uliofungwa zilikuwa kamba ya vifaranga wale. Mfugaji asiyeifungua kamba amefanya mfungwa, na asiyeifunga kabisa amemlisha kanu.

Kuna faida nyingine ya kuku kulala mahali pamoja. Kuku wanaolala mitini hawachanjiki kwa urahisi, na kideri, maradhi yanayoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, hayangoji washikwe. Kuku walio juu ya ufito hushikwa usiku bila mbio, kila mmoja akatiwa tone la chanjo jichoni. Kinyesi chao nacho hukusanyika chini ya fito, kikawa mbolea ya sukumawiki badala ya kuozea vichakani.

Katika juma la tatu la Agosti mjukuu hakuokota kuku hata mmoja. Alikaa mbali juu ya jiwe, mikono mitupu, akawatazama wakiingia kwa makundi ya watatu na wanne. Pora mmoja alisita mlangoni, akageuza kichwa kuitazama mbingu, kisha akaingia. Fito zilikuwa zimekwisha kuinuliwa hadi kimo cha kiuno.

Mjukuu alirejea chuoni juma lililofuata. Tangu hapo nyanya hufunga banda peke yake. Hahitaji tochi, kwa kuwa tochi haimsaidii sana. Huingia polepole, akapitisha kiganja juu ya migongo yenye joto, ufito wa kwanza, kisha wa pili, akihesabu kwa Kikamba hadi 22, na wa 23 ni tetea mzee. Kuku hawashtuki. Hawamwoni, naye hawaoni, lakini kila mmoja yuko mahali pake.