Nyumba ndogo yangu ilikuwa mashine

Mke wangu aliponikuta nachati saa saba usiku, alijua tayari: mume kapata nyumba ndogo. Akaninyang'anya simu. Akakuta picha ya limashine kuukuu la kijivu na ujumbe: "Bado ipo kaka, wahi."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Maana shilingi milioni 12 nilizotaka kulipa zilikuwa za kiwanja chetu. Tulizichanga miaka minne, yeye kwa saluni yake, mimi kwa midundo ninayotengenezea wasanii kwenye chumba cha uani, Sinza.

Mashine yenyewe ni E-mu SP-1200, sampla iliyotoka mwaka 1987. Sampla inanasa kipande cha sauti, unakikatakata, halafu unakipiga upya kwa vidole. Hip hop nyingi ya New York ya miaka ile imepita humo. Sauti yake nzito, ina mkwaruzo, ngoma inakugonga kifuani. Lakini inanasa sekunde 10 tu kwa jumla! Maprodyuza walikuwa wanaipiga santuri ya spidi 33 kwa spidi 45 ili kipande kiingie kwa muda mfupi, kisha wanakishusha humo ndani. Sehemu ya mkwaruzo ule imetokana na kubana matumizi.

"Baba Zuhura," mke wangu akaniuliza, "mteja gani amewahi kukulalamikia kuhusu kompyuta yako?"

Nikakosa jibu.

Jumamosi tukaenda wote kwa muuzaji. Nikanasa kipande cha kaseti ya taarabu ya marehemu mama mkwe. Nyumbani nikanasa kipande kilekile kwa laptopu, nikatumia programu ya kuichafua sauti. Nikampigia zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi.

Akasikiliza kimya. "Kaseti ya mama nzuri kote kote," akasema, machozi yakimlengalenga.

Sitadanganya, mimi tofauti niliisikia. Ila wateja wangu wanasikiliza kwa simu. Na mashine ya mwaka 1987 ikizima, fundi wake nitamtoa wapi?

Kiwanja tumelipia. Nikitaka kitu cha kugonga kwa vidole, nitajichanga taratibu ninunue Roland SP-404MKII, iliyotoka mwaka 2021; bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya zamani. Kwa sasa nimejiwekea sheria: kila mdundo, sekunde 10 za sauti za kunasa, basi. Inanilazimu kuchagua, na kazi zangu zimetulia kuliko zamani.

Mwenzangu unayeota mashine ya zamani, kama una hela isiyo na kazi, nunua, raha yake ipo. Kama ni hela ya wawili, muulize mwenzio kwanza. Mchana.