Kikomo megabiti 8, tunapata hata 1 hatufiki

Wazee wetu walitoka Ngumi, Chovai, Chula, Koyama na Kismayu, wakavuka kwa mashua na majahazi baada ya vita vya 1991. Sisi tumekulia huku Kenya, na jamaa waliobaki kule tunawapata kwa simu ya intaneti. Kwa hivyo net ya ukumbini kwetu si mambo ya mchezo.

Laini ni moja, megabiti 10, na vijana tuko wengi. Mmoja akishusha filamu wote tunakwama: anayejaza fomu ya skolashipu ya DAFI ukurasa unamganda, anayeongea na bibi yake Kismayu anasikia nusu neno. Ndiyo maana ile kompyuta kuukuu ya Linux inayogawa net iliwekewa programu ya kubana kasi, kikomo megabiti 8 upande wa kupokea.

Basi ikawa ajabu. Kikomo 8, tunachopata hata 1 hakifiki. Ukizima kikomo, 10 zote zinarudi! Maana yake laini nzima, waya nzima, tatizo liko kwenye kubana kwenyewe. Tukaandika `tc -s filter show dev eth0 parent ffff:` na hapo tukaona paketi zinatupwa, hesabu inapanda kila tukishusha kitu.

Sababu yake ni hii. Paketi ya kawaida ni baiti 1500. Lakini kompyuta za siku hizi, ili prosesa isichoke, huziunganisha paketi zinazoingia ziwe mzigo mmoja mkubwa, mpaka kilobaiti 64. Kazi hiyo inaitwa GRO. Ikifanywa na kadi yenyewe ni LRO. Sasa mfikirie mpimaji pale bandarini aliyezoea samaki mmoja mmoja, na kibaba chake ni kilobaiti 10. Unamletea tenga zima. Halimo kibabani, analimwaga lote baharini! Zaidi ya paketi 40 zimekwenda kwa mpigo. Na mtumaji kule mbali akiona mizigo haifiki anapunguza mwendo, tena na tena, mpaka anatambaa.

Dawa ya kwanza:

`ethtool -K eth0 gro off lro off`

Papo hapo kasi ikapanda ikakaribia 8. Prosesa inafanya kazi zaidi kidogo, lakini kwa laini ndogo kama yetu hata haihisi. Kuongeza kibaba kwenye ile programu kungesaidia pia, ila sisi hatukupenda, kwa sababu bado ni kutupatupa tu, hakuna anayegawa kwa haki.

Tulichokuja kukipenda ni CAKE, iliyoingia ndani ya Linux toleo la 4.19 mwaka 2018. Yenyewe huyakata matenga makubwa kabla ya kupima, na hugawia kila kompyuta fungu lake. Tumeiweka upande unaoelekea kwetu ndani:

`tc qdisc replace dev eth1 root cake bandwidth 8mbit dual-dsthost`

Sasa mwenye filamu ashushe, bibi anasikika.

Nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mkituletea kompyuta ya kugawa net, pimeni kasi kikomo kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa kabla hamjaondoka. Na jamani, umeme ukikatika amri hizi zote zinapotea. Zetu tumezitia kwenye skripti ya kuwashia mashine, na nakala iko ukutani juu yake kwa mwandiko mkubwa.