Siku Niliyokwenda Duluti

Mpendwa mtahiniwa, kabla hujaanza kujibu maswali ya insha yaliyo katika sura hii, naomba nikusimulie kosa nililolifanya kwa kalamu nyekundu.

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha nne, mkoani Arusha. Baada ya mtihani wa moko niliwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Matembezi Msituni". Nilisahihisha madaftari arobaini na kitu. Karibu yote yalifanana: ndege waliimba nyimbo tamu, upepo mwanana ulivuma, maua ya kila rangi yalinukia. Niliwapa alama nzuri, kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha.

Daftari moja lilikuwa tofauti. Binti mmoja, mkazi wa Tengeru, aliandika jinsi alivyotembea na kaka yake kando ya Ziwa Duluti. Hakuweka hata methali moja. Alisema msitu ulikuwa na ubaridi saa sita mchana, mizizi ilimkwaza, na kenge mkubwa alijitupa majini karibu na miguu yake, naye akapiga kelele. Alitaja pia makaburi ya Wapolandi. Pembeni niliandika: "Si kweli. Kenge na Wapolandi umewatoa wapi?" Nikampa alama 6 kati ya 20.

Hakubisha. Ila tangu siku ile aliacha kunyoosha mkono, na insha mbili zilizofuata hakuzileta. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili. Nilipomwita ofisini alijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi insha siziwezi. Swali hilo nitaliacha."

Jibu hilo lilininyima usingizi. Jumamosi iliyofuata, jua la Septemba likiwaka, nilipanda daladala hadi Tengeru, kisha nikateremka kwa miguu hadi kwenye lango la msitu wa hifadhi. Nililipa kiingilio, nikapewa kijana wa kuniongoza. Njiani kulikuwa na vumbi na joto. Hatua chache ndani ya msitu, shati langu lililolowa jasho likaanza kuwa baridi mgongoni. Miti ilikuwa imefungamana juu. Sikusikia nyimbo tamu. Nilisikia kima wakirukaruka matawini na majani makavu yakivunjika chini ya viatu vyetu. Ziwa lilionekana vipande vipande kati ya shina na shina, la kijani, limetulia. Kijana alinieleza kwamba lilitokana na volkano. Kweli, pale tulipopita sikuona mto ukiingia wala ukitoka.

Nilijikwaa kwenye mzizi mara ya kwanza, nikacheka. Mara ya pili sikucheka. Mahali njia inapokaribia maji, kitu kirefu kilichomoka majanini na kutumbukia, chubwi! Niliruka nyuma.

"Ni kenge tu, mwalimu," kijana alisema. "Hapa ni kwao."

Nikamwuliza kuhusu Wapolandi. Alinieleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1942, maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, walipewa makazi Tengeru. Waliofariki hapa walizikwa hapa, na makaburi yao yapo hadi leo. Nilikuwa nimefundisha mkoani humo miaka saba bila kulijua jambo hilo. Mwanafunzi wangu alilijua, nami nikamwita mwongo.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikasoma insha yake kwa sauti, kisha nikasema wazi kwamba mwalimu amekosea. Nilifuta maneno yangu. Sikumpa 20, kwa kuwa aya zake hazikupangika vizuri na alikosea tahajia mahali kadhaa. Nilimpa 15, nikamwonyesha zile 5 zilikopotelea. Jioni ile alileta insha mbili alizokuwa anadaiwa.

Mtahiniwa, sikwambii uache methali wala tamathali za semi. Zitumie pale zinapobeba jambo. Lakini kabla ya kuandika kwamba ndege waliimba, jiulize: ni ndege gani, nami nilikuwa wapi nilipomsikia? Ukiwa hujafika ziwani, andika shamba la bibi yako, njia ya kwenda kisimani au stendi ya daladala. Panga aya zako, chunga tahajia, na uandike ulichokiona mwenyewe.

Novemba, siku ya mtihani wa Kiswahili, nilikutana na yule binti nje ya chumba cha mtihani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Nimeanza na insha."