Ndege Iliyonizidi Umri

Mwaka 2019 nilitumwa Goma kwa mkutano wa makatekista. Siku zile njia ya kutoka kwetu Mutwanga kwenda Beni ilikuwa njia ya hofu, watu wakiviziwa na kuuawa, nayo safari ndefu ya gari mpaka Goma haikuwa na sifa njema. Basi nikafika Beni kwa shida, na katika kiwanja cha Mavivi nikapata nafasi katika ndege ndogo ya viti sita. Tena ulikuwa wakati wa Ebola. Tulipimwa joto na kunawa mikono kabla ya kupanda.

Sisi watu wa Mutwanga tumezoea kuziona ndege hizo toka chini, zikipita kati ya Ruwenzori na bonde la Semliki. Utotoni tulizipungia mikono. Kumbe kukaa ndani ni jambo jingine! Rubani alipima mizigo, kisha akatupima na sisi wenyewe, na mama mmoja mnene kidogo akacheka kwa haya. Nikingoja zamu yangu nikaona kibati kidogo cha chuma penye mlango, kimeandikwa jina la Cessna na mji wa Wichita. Nikamwuliza rubani ndege ilijengwa lini.

“Mwaka 1979, mwalimu.”

Mimi nilizaliwa mwaka 1988.

“Bwana, hakuna mpya?”

“Zipo. Lakini kwa miaka mingi hazikujengwa.”

Jibu hilo lilinikaa kichwani, na niliporudi nikatafuta habari zake kidogo kidogo.

Huko Marekani wajenzi wa ndege ndogo waliungana mwaka 1970, wakaanzisha chama kiitwacho General Aviation Manufacturers Association, kwa kifupi GAMA, chenye makao Washington. Si chama cha marubani wala cha abiria. Ni cha wenye viwanda, vya ndege na vya injini na vya vyombo vyake. Kazi yao ni kusema na serikali kwa sauti moja juu ya sheria na usalama, na kila mwaka huhesabu ndege zilizotoka viwandani. Hesabu hizo zinasimulia kisa chote. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani vilitoa ndege zaidi ya 17,800. Mwaka 1994 zilitoka 928 tu.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini ile chama iliyoilalamikia sana ni kesi. Ndege ikianguka, hata ikiwa na miaka 30 na imepita mikononi mwa watu wengi, wafiwa waliweza kumshitaki aliyeijenga. Bima ikapanda, nayo ikaongezwa katika bei ya kila ndege mpya. Mwaka 1986 Cessna ikaacha kujenga ndege zake ndogo za injini ya petroli. Mwaka 1991 Piper ikashindwa na madeni.

Chama kikahangaika miaka mingi, mpaka Agosti 1994 Rais Bill Clinton akatia sahihi sheria mpya. Ndege yenye viti visivyofika 20, isiyochukua abiria kwa safari za ratiba, ikipita miaka 18 tangu kuuzwa mara ya kwanza, mjenzi wake hashitakiwi tena kwa ajali yake. Kifaa kipya kikitiwa, kifaa hicho huhesabiwa miaka 18 yake. Cessna iliahidi kwamba sheria ikipita itarudi kazini, ikatimiza. Mwaka 1996 ilifungua kiwanda huko Independence, Kansas, na ndege za aina ile niliyopanda zikaanza kujengwa tena mwaka 1998.

Hapa nina mawazo mawili. Seremala aliyenitengenezea kitanda, nikimrudia baada ya miaka 18 kumdai kwa sababu mguu umevunjika, kijiji kizima kitanicheka. Lakini kitanda hakirushwi angani. Tena kosa la kuchora chombo vibaya lilikuwamo tangu siku ya kwanza, limejificha tu. Watunga sheria walilifikiri hilo kwa sehemu. Mjenzi aliyewaficha wakaguzi wa serikali jambo alilolijua hapati kinga. Wala sheria haimzuii mgonjwa aliyekuwa akipelekwa kutibiwa, wala mtu aliyeangukiwa na ndege akiwa chini. Basi nikamfikiri yule mama wa mizani. Kwa sheria ile, kama angekuwa mgonjwa njiani kwenda hospitali, mlango wa kudai ungebaki wazi. Kwa kuwa alikuwa mzima, akienda kumwona mjukuu wake, umefungwa. Siwalaumu wenye viwanda kwa kujisemea. Naona tu kwamba sisi tunaopanda hatukuwa na wa kutusemea kwa nguvu hiyo.

Na bado liko la petroli. Ndege kama ile hunywa petroli ya pekee iliyotiwa risasi, si ile ya pikipiki zetu. Kwetu ni ghali na adimu, kwa hiyo wengi wanaowarusha wamisionari na waganga wamehamia ndege kama Caravan, zenye kutumia mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa. Mwaka 2022 GAMA na wenziwe, pamoja na serikali ya Marekani, walianza mpango wa kuiondoa petroli ya risasi kwao ifikapo mwisho wa 2030, maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Ni vema. Ila sijui nani atauliza habari za ndege kuukuu zilizoko huku.

Tulishuka Goma salama. Rubani akafungua kifuniko cha mbele, akanionyesha injini: ilikuwa na miaka 6 tu, kiwiliwili ndicho kizee.

Niliporudi nyumbani mama yangu aliniuliza ndege ile ina miaka mingapi. Nikamjibu, sita. Juma zima neno hilo lilinisumbua, mimi mwalimu wa dini, hata nikaenda kumweleza yote. Akanyamaza kidogo, akaniuliza:

“Na kurudi, ulipanda ile ile?”

“Ndiyo, mama.”